Mwalimu Everlyne Hashiki Kalamu

Mimi Khamisa, mwenye hoteli ya mahamri nyuma ya stendi ya Voi, sina subira. Nasema mapema msije mkanishangaa mbele ya safari. Mteja akikaa dakika tano anafikiri kama atakula chapati au viazi karai, mimi humchagulia. Sasa nawaulizeni, kwa nini Mungu akaniletea Mwalimu Everlyne, mwanamke anayeweza kumwuliza mtoto swali moja kisha akangoja jibu mpaka chai ikaota malai?

Mwalimu ni wa Mwanda, kule milimani. Alifundisha Kiingereza na fasihi shule za sekondari miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akakataa kukaa nyumbani kutazamana na kuku. Siku ya kwanza alipokuja kwangu alitaka meza ya pembeni, karibu na mlango wa jikoni, kila siku kuanzia saa nane mchana. Nikamwuliza, na mimi nitapata nini? Akatazama sinia langu la maharagwe ya Njukini, yamejaa vijiwe na mabua, akasema, "Nitakuchambulia haya." Nikadhani anatania. Huu ni mwaka wa sita, na hakuna mteja wangu aliyelalamikia jino.

Wanafunzi wanamjia kwa mambo mawili. Wa kidato cha tatu na cha nne huja na setibuku, zile riwaya na tamthilia za mtihani, wajifunze kuzieleza. Waliomaliza shule huja kuandika insha za kuombea nafasi vyuo vikuu, hasa vya ng'ambo, maana huko alama peke yake haziwatoshi, wanataka na roho yako kwenye karatasi mbili. Wote huwatendea sawasawa. Sinia mapajani, vidole kwenye maharagwe, na mtoto anasoma kwa sauti alichoandika.

"Mhusika huyu ni mchoyo," mtoto anasoma.

"Nani kakwambia?"

"Iko kwa kitabu, Madam."

"Kitabu kina kurasa mia mbili. Nionyeshe."

Mtoto anapekua, anapekua, jasho linamtoka, mpaka anapata mahali ambapo mama wa kwenye hadithi anafunika chungu mgeni anapoingia. "Hapa, Madam."

"Hapo amefunika chungu. Umejuaje kuwa ni uchoyo? Labda chungu ni kitupu, anaona aibu."

Mtoto anarudi kwenye ukurasa. Mimi niko jikoni nakanda unga, nami naona haya, kwa sababu wallahi nilikuwa nimeshamhukumu yule mama zamani. Tangu siku hiyo nikiona mtu anafunika chungu chake, najizuia kidogo kabla sijasema.

Jambo moja tu lilikuwa likinitia wazimu. Mwalimu Everlyne hashiki kalamu. Mtoto akikwama katikati ya sentensi, machozi yanamlenga, yeye anauliza swali jingine. Hapigi mstari, hasahihishi, haweki hata nukta kwenye karatasi ya mtu. Nikimwambia, "Mwalimu, mpe huyo mtoto neno moja tu aende zake," ananijibu, "Mama Fawaz, angalia mafuta yako."

Sababu alinieleza siku moja ya mvua, wateja hakuna. Zamani, akiwa bado anafundisha, alikuwa na mwanafunzi aitwaye Vincent, kichwa kwelikweli, aliyeomba kusomeshwa chuo kikuu na wafadhili. Insha yake ilikuwa ya kweli lakini kavu. Mwalimu akachukua kalamu, akaongeza neno hapa, akatia sentensi pale, mpaka ikawa insha ya Mwalimu iliyovaa jina la Vincent. Wafadhili wakaipenda, wakamwita kumhoji. "Hapa uliposema hivi, ulikuwa na maana gani?" Vincent akakosa la kusema. Wakamwuliza sentensi nyingine. Kimya. Wakamrudisha kwao wakiamini ni mwizi wa maneno. Siku hizi Vincent ana kazi yake nzuri tu stesheni ya SGR, ana mke na watoto, na akipita hapa humwamkia mwalimu wake kwa heshima zote. Lakini Mwalimu hakujisamehe. "Nilimnyang'anya nafasi yake kwa mkono huu," aliniambia, na akautazama ule mkono wa kulia kwa hasira.

Mwaka jana ndipo akaja Abby.

Abby naye ni wa Mwanda, binti wa Zephaniah, mkulima wa kabichi. Msichana mrefu, sauti ya chini, amemaliza kidato cha nne kwa alama zilizofanya shule nzima ipige vigelegele. Kulikuwa na chuo kimoja ng'ambo kinachochukua wanafunzi wachache sana kutoka huku kwetu na kuwagharamia kila kitu, kuanzia ndege mpaka blanketi. Sharti lao ni insha: tuambie wewe ni nani. Wakiipenda, wanakuhoji. Baba yake alikuwa amesema waziwazi: hii ikimpita, mwaka huu hana njia nyingine, maana kaka mtu bado yuko chuoni na shamba ni lilelile. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Abby alikuja na insha ameshaiandika. Ilikuwa kwa Kiingereza, lakini Kiingereza cha kusikia ninacho. Akasimama, akakohoa kidogo, akasoma:

"Abigail Mkawasi alizaliwa Mwanda, akiwa mtoto wa pili wa Zephaniah na Rachel. Alisoma shule ya msingi, kisha sekondari, ambako alifanya vizuri. Alikuwa msichana mtiifu, mcha Mungu na mwenye bidii. Alipenda kuimba kwaya. Atakumbukwa kwa ukarimu wake na tabasamu lake."

Mwiko ukaniponyoka. "Inna lillahi! Mtoto kafa lini?"

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Maskini Abby, hakuelewa wanacheka nini. "Lakini Mama Fawaz," aliniuliza, "si ndio hivyo maisha ya mtu huandikwa?"

Na kwa kweli, kwao ndivyo. Sisi Waislamu maiti wetu tunamzika mapema, tunamwombea dua, basi. Lakini jirani zetu wa milimani wana ile programu ya mazishi, kijitabu chenye picha ya rangi, na ndani yake wasifu wa marehemu unaosomwa mbele ya watu. Mama yake Abby ana kabati limejaa vijitabu hivyo. Mtoto amekua akiviona, na hakuna maisha ya mtu mwingine yeyote aliyewahi kuyaona kwenye karatasi. Juu ya hayo, aliye hai hajisifu. "Baba husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji," Abby alieleza. "Kwetu ukijisema wewe ni mzuri, watu wanakuangalia vibaya."

Mwalimu hakucheka. Yeye ni wa hukohuko. Aliuliza tu, "Mtiifu, mcha Mungu, mwenye bidii. Ushahidi uko wapi?"

"Hakuna, Madam. Ni maneno ya kuandikwa tu."

"Basi kaandike tena."

Akaandika tena. Akaandika na tena. Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikafuata, na kila insha inakuja kavu kuliko dada yake. Mwalimu anauliza, "Wewe ni nani, Abby?" Mtoto anatazama meza. Anauliza tena. Mtoto anatazama dari. Mimi naungua ndani kuliko karai langu. Zikabaki siku tano.

Sasa mjue, mimi ndiye niliyeharibu. Mwanangu Fawaz ana duka la kompyuta hapa jirani. Nikamwendea. "Mwanangu, nasikia siku hizi kuna mashine inayoandika yenyewe."

"Iko, Mama. Hiyo kitu ni noma." Akabonyeza: msichana, Taita, mkulima, bidii. Hata sijakaa vizuri, insha imetoka, ndefu, imepangika, Kiingereza kimenyooka. Nikamwambia achapishe. Nikaikunja, nikaipenyeza kwenye mfuko wa Abby pamoja na mahamri mawili, nikamwambia, "Soma hii, mwanangu, tumalize hii kazi." Nilirudi jikoni najiona mtu wa maana.

Kesho yake Abby akaja, akasimama palepale pa siku zote, akaisoma yote mbele ya Mwalimu. "Kila alfajiri, jua likichomoza juu ya tambarare za Tsavo, nilitembea pekupeku kilomita kumi na mbili kwenda shule, nikisikia simba wakinguruma kwa mbali..."

Vidole vya Mwalimu vikasimama kwenye maharagwe. "Abby. Shule yenu si iko ng'ambo ya barabara?"

"Ndiyo, Madam. Kengele nilikuwa nasikia nikiwa kitandani."

"Na simba wa Mwanda?"

"Mwanda kuna baridi, Madam. Simba hatuna."

"Nani ameandika hii?"

Mtoto akainamisha kichwa. Hakunisema. Nikaona nisimwache achomwe kwa moto wangu, nikatoka jikoni na unga mikononi. "Mimi. Mimi na Fawaz na mashine."

Sijawahi kumwona Mwalimu amekasirika vile. "Mama Fawaz! Unataka niwe na akina Vincent wawili?"

Niliona haya. Na mimi nikiona haya, huwa nagomba, ndivyo nilivyoumbwa. "Basi mwulize huyo mtoto swali la maana!" nilimpigia kelele. "Wiki mbili unamwuliza yeye ni nani, yeye ni nani! Atajuaje? Mimi nina miaka hamsini na mbili na sijui mimi ni nani! Mwulize anafanya nini!"

Dereva mmoja wa lori aliacha chapati hewani. Nikajua nimevuka mpaka, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi, lakini Mwalimu hakuwa ananitazama tena. Alikuwa akimtazama Abby.

"Abby," alisema polepole, "ile insha ya kwanza kabisa, ya marehemu. Ilikuwa imepangwa barabara. Ulijifunza wapi?"

"Nimezoea tu, Madam. Nimeandika arobaini na tatu."

"Arobaini na tatu nini?"

"Wasifu za marehemu. Kwetu kukitokea msiba huniita mimi niandike. Tangu nikiwa darasa la saba. Walisema mwandiko wangu ni mzuri."

Mwalimu akaweka sinia chini. Hilo nililiona kwa macho yangu. "Huwa unafanyaje?"

"Nakaa na wenye msiba, nawauliza. Mwanzo wote wanasema maneno yaleyale, mpole, mcha Mungu. Sasa naanza kuzunguka kwa majirani. Kuna bibi mmoja, kila mtu aliniambia alikuwa mkali sana, alikuwa anafukuza watoto kwa mparachichi wake kwa mawe. Nikauliza, ni nani aliwahi kupigwa na jiwe? Nikauliza kijiji kizima, Madam. Hakuna hata mmoja. Miaka hamsini anarusha mawe na hajawahi kulenga mtoto. Nikaandika hivyo. Kanisani watu walicheka mpaka wakalia, na watoto wake wakaniambia ndio wamemjua mama yao siku hiyo."

"Na hukuona kwamba hilo ni la kuandika?"

"Hiyo ni kazi ya msiba, Madam," Abby alisema kwa mshangao wa kweli. "Si kitu ya kujivunia."

Mimi nilirudi jikoni kimyakimya, maana machozi yalikuwa yananijia na sikutaka dereva wa lori anione.

Kuanzia hapo mtoto aliandika kama amefunguliwa kamba. Si kwamba ilikuwa rahisi. Alifuta, akachana, akaanza upya, na Mwalimu akaendelea na maswali yake yaleyale: Wapi? Umejuaje? Bibi alisema nini hasa? Karatasi zote pamoja na zile za mwanzo zikafika kumi na moja. Siku ya nne Fawaz akaituma insha, safari hii bila kuongeza hata herufi, nilimsimamia mwenyewe nikiwa na kifimbo cha kusukumia chapati. Baada ya wiki mbili wakajibu: wamemwita mahojiano, kwa kompyuta.

Tulimweka stoo, kwa sababu nje malori ya barabara ya Mombasa hayanyamazi. Kompyuta ya Fawaz tukaiweka juu ya magunia mawili ya unga. Mwalimu akakaa pembeni kwenye gunia la tatu, mahali ambapo kamera haimfikii, na sinia lake. Mimi nikasimama mlangoni. Walikuwa watu watatu huko ng'ambo, wanawake wawili na mzee mmoja wa miwani. Wanawake waliuliza maswali mepesi, shamba, ndugu, masomo anayotaka. Abby akajibu vizuri. Kisha mzee akainua karatasi.

"Insha hii ni nzuri mno kwa msichana wa miaka kumi na minane," alisema. "Nitakuuliza waziwazi. Nani ameiandika?"

Nikamtazama Mwalimu. Uso ulikuwa umemwisha damu. Nilijua yuko wapi. Amerudi kwa Vincent. Abby naye amekaa kimya, kimya, na mimi moyoni nasema sema mwanangu, sema, sema!

Abby akainama, akatoa mfuko wake, akatoa karatasi zote kumi na moja. Akaanza kuziinua moja moja mbele ya kamera. "Hii ndiyo ya kwanza, iliyochekesha watu. Hii ya pili. Hii ya tatu nililia." Mpaka ya mwisho. "Mwandiko ni wangu wote. Mkiona mwandiko wa mtu mwingine, niambieni."

Mzee akasogeza miwani. "Mwalimu wako hakusahihisha?"

"Mwalimu wangu hashiki kalamu."

"Ni mwalimu wa aina gani huyo?"

"Niwaeleze?"

"Hebu tueleze," alisema mzee. "Kama unavyowaeleza hao watu wako wa insha. Una dakika tatu."

Abby akakunja mikono mapajani. Hakugeuka kumtazama Mwalimu hata mara moja. Akasema:

"Anaitwa Everlyne Wakesho. Watu watawaambia ana subira. Si kweli. Mtu akisoma sentensi mbaya, mguu wake wa kushoto unapigapiga sakafu chini ya meza, anadhani hatuoni. Huwa anachambua maharagwe ili mikono yake iwe na kazi, isije ikanipokonya kalamu. Najua, kwa sababu siku niliyokwama kabisa alichambua sinia moja mara tatu, na lilikuwa safi tangu mara ya kwanza. Neno ninalolitafuta yeye analijua. Ninaliona limefika mdomoni mwake, na ninamwona akilimeza. Kwa hilo nilimchukia wiki mbili nzima. Halafu siku moja neno likanijia lenyewe. Nikainua macho, nikamkuta ameshatabasamu, kabla sijaliandika. Amefundisha miaka mingi na najua ana maneno mengi mazuri kuliko yangu. Kwenye insha yangu hakuna hata moja. Yote ameyameza ili mimi nipate ya kwangu."

Mmoja wa wale wanawake wa ng'ambo akapangusa macho, akauliza kwa sauti ya upole sana, "Pole, mwanangu. Mwalimu wako alifariki lini?"

"Hajafariki," Abby alisema. "Amekaa hapo kwenye gunia la unga, analia."

Wakacheka wale watu, wallahi wakacheka mpaka mzee akapiga meza. Wakamwomba ageuze kompyuta, akaigeuza, na huyo hapo Mwalimu Everlyne, leso usoni, unga mgongoni, maharagwe yamemwagika miguuni, anapunga mkono kwa watu asiowajua. Na mimi nalia mlangoni, kwa sauti, bila haya. Mahamri yaliungua siku hiyo. Niliwauzia wateja vilevile na hawakuthubutu kusema kitu.

Walipokata simu, Abby alikimbia nje kumpigia baba yake. Mwalimu hakuinuka kwenye gunia. "Mama Fawaz," aliniambia, "sikumgusia hata nukta."

"Najua, Mwalimu. Nilikuwa nakuona."

"Hata nukta moja," akarudia, na akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake miaka yote hiyo, akacheka mpaka nikahofia pumzi yake. Nikakaa naye kwenye gunia, tukaokota maharagwe.

Barua ya kumkubali ilikuja siku kumi baadaye, kwenye simu ya Fawaz, saa kumi jioni, hoteli imejaa. Mwalimu aliisoma kimoyomoyo mara tatu. Ya nne akampa Abby, akamwambia asimame aisome kwa sauti watu wote wasikie, na wakati anasoma asiinamishe kichwa. Abby akasimama. Madereva, makanga, mama wauza nyanya, na hata wale waliokuwa wanabishana mpira kwenye meza ya mlangoni, wote walinyamaza kimya mpaka mwisho wa barua. Mimi ndiye niliyewanyamazisha.